Naamani Alimsikiliza Nani?



Tunasoma katika 2 Wafalme 5 habari za Naamani, jemadari mwenye ukoma. Aliyemwonyesha njia ya kupona alikuwa binti mdogo, mateka, aliyeondolewa kwao kwa nguvu. Ndiye mkimbizi kama sisi. Mkubwa alimsikiliza mdogo, mwanaume alimsikiliza mtoto wa kike.

Tuitazame kambi yetu. Kanyanga, lutuku na kasiksi havichagui mtu, lakini katika kutafuta msaada hatufanani. Wazee wengi husema, "Mimi si mlevi, nakunywa kama baba zetu." Baba huja wakati mgao umekwisha kuuzwa na mke amekimbilia kwa jirani. Mama hunywa kwa kujificha. Anaogopa kutukanwa, kuachwa na kunyang'anywa watoto. Akifika zahanati husema ni kichwa tu kinauma. Tena mwili wa mwanamke huharibiwa na pombe kidogo kuliko wa mwanaume. Vijana nao hudhani ugonjwa huu ni wa wazee. Wakibanwa humwambia rafiki, si mchungaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na milioni 2 kati yao walikuwa wanaume. Akina baba, tuone haya ya kufa, tusione haya ya kusaidiwa.

Naamani naye alikasirika alipoambiwa akajichovye mara 7 katika Yordani. Watumishi wake walimsihi, akashuka, akapona.

Basi tufanye hivi. Mke au binti akituambia pombe inatumaliza, tusimjibu kwa fimbo. Mama anayetaka kusema asiitwe mbele ya baraza la wazee. Asikilizwe na mama mwenzake, faraghani, na siri yake isifike kisimani. Kijana apewe kijana mwenzake mwaminifu wa kumsindikiza.

Na anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona mauzauza, hata kuanguka kifafa, na wengine hufa. Apelekwe zahanati kwanza, nasi tumwombee. Maombi na dawa havigombani: nabii alimtuma Naamani majini, na aliyemponya ni Mungu.

Nani nyumbani mwako amekuwa akikuambia, nawe hutaki kumsikia? Leo msikilize.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.