Wimbo wa Mshikamano na Deni la Mwimbaji

Miongoni mwa maswali ambayo utamaduni wa taifa hauna budi kuyajibu, lipo hili: wimbo wa wanyonge ni mali ya nani? Je, ni wa yule aliyeutunga, au ni wa kila mwenye sauti ya kuuimba? Na mtu mwenye cheo na shibe anapouimba wimbo uliotungwa kwa ajili ya wenye njaa, tumhesabu kuwa ndugu au mnafiki? Swali hili si la wanamuziki peke yao. Linamhusu kila mtu aliyewahi kusimama katika hadhara na kutamka kwa kuimba jambo ambalo pengine asingethubutu kulitia sahihi yake.

Tunalileta swali hili kwa sababu ya wimbo mmoja unaojulikana sana kwa wafanyakazi wa Tanzania. Kila Mei Mosi inapowadia, iwe Njombe au Makambako, Dodoma au Mwanza, wafanyakazi husimama wakaimba "Solidarity Forever", yaani mshikamano daima. Huimba mwalimu na muuguzi, huimba mchuma chai, karani na mfanyakazi wa reli. Huimba pia, na hapa ndipo penye shina la mjadala wetu, mwajiri pamoja na kiongozi aliyealikwa kuwa mgeni rasmi. Wote huimba maneno yale yale kwa sauti moja. Wimbo ukiisha, kila mmoja hurudi mahali pake: mmoja kwenye kiti cha kuamuru, mwingine kwenye jembe lake.

Ili tuupime wimbo huu kwa haki, yatupasa kwanza tujue ulikotoka. Muziki wake una umri mkubwa kuliko maneno yake. Ulianza nchini Marekani, katikati ya karne ya 19, ukiwa wimbo wa mikutano ya dini. Mwaka 1859 John Brown, Mzungu aliyeshika silaha ili kuwakomboa watumwa weusi, alinyongwa huko Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari wa upande wa kaskazini waliutwaa muziki ule wa ibada wakauimba kwa maneno ya kumkumbuka. Mwaka huo huo mshairi Julia Ward Howe aliutungia maneno mengine, nayo yakachapishwa mwaka 1862. Muziki huo ndio ambao hata leo huimbwa katika makanisa yetu kwa sifa za Haleluya, wala waumini wengi hawashuki kwamba uliwahi kuwa wimbo wa askari waendao vitani.

Aliyeutia maneno ya wafanyakazi ni Ralph Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1887. Alipokuwa mtoto wa miaka saba mjini Chicago, wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa mabehewa ya Pullman mwaka 1894, alimwona mfanyakazi akipigwa risasi na kufa. Alipokua akawa mchoraji, mshairi na mwandishi wa magazeti ya wafanyakazi. Alijiunga na Industrial Workers of the World, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905 kwa nia ya kuwaunganisha wafanyakazi wote pasipo kujali rangi, taifa wala ujuzi. Wazo la wimbo lilimjia huko West Virginia, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe wa Paint Creek na Cabin Creek waligoma katika miaka ya 1912 na 1913. Wachimbaji hao waliishi katika nyumba za kampuni na kununua chakula katika maduka ya kampuni. Walipogoma walitolewa nje pamoja na wake zao na watoto wao, wakapiga mahema mabondeni wakati wa baridi kali, huku walinzi wenye bunduki wakiwaandama. Chaplin aliukamilisha wimbo wake mjini Chicago mwezi Januari 1915, siku ambazo watu wasio na kazi walikuwa wakiandamana kudai chakula. Miaka mitatu baadaye alihukumiwa pamoja na wenzake wapatao 100 kwa kosa la kupinga vita, akapewa kifungo cha miaka 20, na hatimaye akaachiliwa mwaka 1923.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya West Virginia yatuhusu nini sisi? Jibu lake limeandikwa katika historia ya Njombe yenyewe. Katika enzi ya ukoloni wilaya hii ilikuwa mojawapo ya zile zilizotegemewa sana kutoa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliopelekwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, hasa Tanga na Morogoro. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya fedha, na mwananchi hakuwa na zao la kumpatia fedha hizo. Basi aliuza kitu alichokuwa nacho, nacho ni nguvu za mikono yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wabena, Wakinga na Wapangwa waliacha milima yao ya baridi na ulanzi wao, wakasafirishwa kwenda kwenye joto la pwani. Kila mmoja alipewa namba, na kutoka katika namba hiyo likazaliwa jina ambalo jamii ikawaita.

Tulitafakari neno hilo. Mtu aliyeitwa kwa jina la babu yake huko Lupembe au Uwemba, alipofika kwenye mkonge aliitwa kwa tarakimu. Alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyokadiriwa ilitiwa alama. Siku ambayo hakuweza kuimaliza, kwa homa au kwa uchovu, haikuhesabiwa kabisa, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara haukupatikana mpaka nafasi zote 30 zijae. Posho aligawiwa na bwana shamba, na kambi aliyolala ilikuwa ya bwana shamba. Tofauti kati yake na mchimbaji wa Paint Creek ilikuwa ya rangi na lugha; unyonge ulikuwa mmoja.

Wala hawakukaa kimya. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea hadi miji ya bara kwa njia ya reli. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho la TFL, naye Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Mwaka 1958 vibarua wa mkonge wa Mazinde walifanya mgomo ambao ulikumbukwa kwa muda mrefu. Hivyo wimbo wa Chaplin, ulipotua katika ardhi yetu, haukuikuta tupu. Uliwakuta watu ambao maana yake walikuwa wameijua kabla ya maneno yake.

Makambako nayo ina ushahidi wake. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China. Sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote ilikuwa ile ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, ambako ilibidi watoboe milima kwa mahandaki na kuvusha reli juu ya makorongo kwa madaraja marefu. Watu walikufa katika kazi hiyo, wakiwamo Wachina zaidi ya 60. Wajenzi hao hawakuwa na lugha moja wala dini moja. Kilichowafanya wawe kitu kimoja ni uzito wa reli ile ile mabegani. Hayo ndiyo mshikamano ulivyo kabla haujawa neno la kuimbwa.

Sasa twaweza kulijibu swali la kwanza. Wimbo wa wanyonge si mali ya mtunzi. Muziki huu umekuwa wa waumini, ukawa wa askari, ukawa wa wachimbaji, na hatimaye ukawa wetu. Na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuiba. Wapo watu ambao, kwa kuupenda utamaduni wa taifa, husema kwamba wimbo wenye asili ya kigeni haufai kuimbwa katika sherehe zetu. Twaiheshimu nia yao, lakini hoja yao haina nguvu. Utamaduni wa taifa haupimwi kwa kuuliza kitu kimetoka wapi tu; hupimwa pia kwa kuuliza kinafanya kazi gani mikononi mwa watu wetu. Mahindi hayakuzaliwa Afrika, lakini nani atakayemwambia mkulima wa Wanging'ombe kwamba ugali wake ni wa kigeni?

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la yule mwenye shibe anayeimba pamoja na wenye njaa. Chaplin mwenyewe lilimsumbua. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake aliandika kueleza sababu zilizomfanya autunge wimbo huo, akalalamika kwamba umeangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wahitaji tena. Alihisi kama mtu aliyeshona nguo kwa ajili ya yatima, kisha akaiona imevaliwa na tajiri.

Tunaufahamu uchungu wake, lakini hatukubaliani naye. Wahenga wetu walisema: ahadi ni deni. Nao hawakusema kwamba ahadi ni deni pale tu inapotolewa kwa moyo safi. Mtu akiahidi kwa hila, deni limemfunga vile vile. Kadhalika mwenye kuimba kwamba wafanyakazi ni wamoja, na yeye ni mmoja wao, ametamka ahadi mbele ya mashahidi. Huenda ameimba kwa sababu ya desturi, au kwa kuogopa kuonekana amefunga mdomo. Hayo ni yake na nafsi yake. Sisi tuliomsikia tunayo haki ya kumwendea kesho yake na kumwambia: Ndugu, jana uliimba hivi, mbona mishahara imechelewa? Kwa hiyo tusimnyang'anye wimbo. Tumwache auimbe kwa sauti kubwa iwezekanavyo, kisha tumdai.

Historia yetu ina mfano ulio wazi. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na katika ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Maneno yale hayakuandikwa na makuli wala vibarua. Yaliandikwa na viongozi. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyachukua kama yalivyo, na katika miaka iliyofuata hadi 1973 waliwakabili mameneja waliowadharau, wakagoma, na mahali pengine wakawafungia milango. Wako waliopoteza kazi kwa ajili hiyo, na si vema kuuficha ukweli huo. Hata hivyo walituachia fundisho kubwa: maneno mazuri yakishatamkwa hadharani hayarudi tena mfukoni mwa aliyeyatamka.

Hata hivyo mdai mwema huanza na hesabu zake mwenyewe. Sisi tunaosoma na kufundisha ni wepesi wa kumwona mnafiki katika jukwaa la wageni rasmi, kumbe huenda yumo sebuleni mwetu. Kila mwaka wasichana kutoka vijiji vya Njombe hufika kwenye stendi ya Makambako na vifurushi vyao, wakapanda mabasi ya Dar es Salaam na miji mingine kwenda kufanya kazi za nyumbani. Zamani babu zao walikwenda kwenye mkonge. Hawa huenda kwenye majiko. Wengi wao huajiriwa na wafanyakazi wenzetu, wakiwamo walimu, makarani na wauguzi, wale wale waimbao siku ya Mei Mosi. Binti huyo huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mara nyingi hana mkataba, wala siku yake ya kupumzika haijulikani, na ujira wake hutolewa kama hisani badala ya haki. Babu yake aliitwa kwa namba. Naye katika nyumba nyingi huitwa "dada" na kila mtu, hata na wanaomzidi umri, wala hakuna anayejishughulisha kulijua jina lake.

Wala asiseme mtu kwamba kazi ya nyumbani si kazi ya kuhesabiwa katika harakati za wafanyakazi. Mwishoni mwa mwaka 1956 watumishi wa majumbani na mahotelini wa Dar es Salaam waligoma kudai hali bora, na mgomo wao ni sehemu ya historia ya vyama vyetu. Anayeuimba wimbo wa mshikamano barabarani, kisha akarudi nyumbani kumnyima ujira aliyempikia na kumlelea watoto, hana tofauti na bwana shamba aliyeacha nafasi za kipande bila alama.

Kwa hiyo, wimbo wa wanyonge ni wa yule anayelipa deni lake. Akiwa mgeni rasmi na akalilipa, ni wake. Akiwa kibarua na akamkandamiza aliye chini yake, si wake. Walimu wakiufundisha wimbo huu wawafundishe wanafunzi pia habari za Paint Creek, za mkonge wa Tanga na za mahandaki yaliyo chini ya Makambako, ili wajue ni jasho la nani linaloimbwa. Nao wanafunzi, ambao kesho watakuwa waajiri na waajiriwa, wajizoeze tangu sasa kujiuliza kila wanapomaliza kuimba: nimeahidi nini, na nimemwahidi nani? Na kama aliyeahidiwa yumo jikoni akisubiri mshahara wa mwezi uliopita, basi akalipwe leo.