KIPIMO SI SHAHIDI

Ndugu Waislamu wa Mubambiro, mke mjamzito akienda kituo cha afya hupimwa virusi vya SIDA. Mume hubaki nyumbani. Basi mke ndiye hujua kwanza, na anayejua kwanza huitwa mwenye kuleta. Je, hiyo ni haki? Kipimo huonyesha virusi vimo. Hakionyeshi vimetoka kwa nani. Suratun Nur yataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke zinaa. Wewe una karatasi moja ya maabara! Na anayejivuna kwamba mkewe ni mzima, naye apimwe, kwani mmoja aweza kuwa navyo, mwenziwe asiwe navyo. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa na mama. Kwa dawa, chini ya 5. Lakini mama anayeogopa kufukuzwa, dawa hiyo ataimezea wapi?