Tundu la Meza ya Seremala

Wazazi wa Lusangi hutuuliza mara kwa mara: kijana wetu tumpeleke kwa fundi gani? Kwa yule hodari asiye mwaminifu, au kwa yule mwaminifu ambaye ustadi wake ni mdogo? Tutalipima swali hili juu ya meza ya seremala.

Meza hiyo fundi huiunda mwenyewe kwa mbao nene, za mvule akizipata. Huitoboa matundu, na katika tundu hutia chuma kilichopindwa kama ndoana. Chuma kikigongwa kichwani, hubana ubao usicheze chini ya randa. Watu hudhani kinashika kwa kuwa kimelijaza tundu. Sivyo. Kinashika kwa kuwa kinainama kidogo, kikaegemea huku juu na huku chini. Kwa hiyo tundu huzidi chuma kidogo tu, tena husimama wima. Fundi huweka guniya kando ya keekee, na ncha ikichungulia chini huacha, akamalizia toka uvunguni ili ubao usipasuke. Lakini meza ikiwa nene mno, chuma hakipati nafasi ya kuinama, kinateleza. Hapo fundi ajuaye hulipanua tundu upande wa chini tu. Mgeni akiinama kutazama atasema kazi imeharibika, kumbe ndivyo ilivyotakiwa.

Mtakatifu Toma wa Akwino (1225-1274) alifundisha neno la kushangaza. Katika ufundi, akosaye kwa kusudi hushinda akosaye bila kujua, maana yule wa kwanza kazi anaijua. Katika mwenendo mambo hugeuka: akosaye kwa kusudi ndiye mbaya zaidi. Basi, fundi hodari ambaye keekee yake imekwenda upande, akaona, akanyamaza, akamwuzia meza kijana anayeanza kazi, ufundi wake haukupungua hata kidogo. Lakini chuma kitashika upande mmoja na kulegea upande wa pili, na kijana atalaumu mikono yake mwenyewe. Pengine ataacha useremala, akidhani Mungu hakumjalia kipaji. Hasara hiyo nani atailipa?

Sisi twaona kijana akae kwa fundi mwaminifu. Lakini fundi huyo asidhani sala zake zitanyosha tundu. Akiuficha udogo wa ustadi wake, uaminifu wake umekwisha. Na aseme wazi: "Mwanangu, matundu haya siyawezi, twende kwa jirani." Huku kwetu jirani huyo huenda akawa Mwislamu, hakuna haya katika hilo, guniya haina dini.

Na yule hodari? Siku ya kutoboa aitwe, alipwe haki yake, naye kijana akae uvunguni aitazame ncha ya keekee inapotokea.