Mtoto akileta pesa ya pari nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baba na mama,

Swali la Ijumaa hii limetoka kwa wamama. Kijana wa miaka 16 anaingia nyumbani jioni na kumwekea mama yake franga 20 000 mkononi. Anasema: mama, nunua samaki. Mama anajua mtoto hana kazi, na amesikia kwamba anacheza pari ya mpira. Anajua pia kwamba jana chungu hakikuinjikwa. Je, apokee?

Wengi watajibu haraka: kamari ni haramu, mambo yamekwisha. Ni haramu kweli. Sura Al-Maida, aya ya 90 na 91, inaiweka kamari pamoja na ulevi na masanamu, na inatoa sababu: kwa njia hiyo shetani anatia uadui na chuki kati ya watu, na anawazuia wasimkumbuke Mungu wala wasiswali. Lakini mama hakuuliza kama kamari ni haramu. Aliuliza habari ya samaki.

Basi turudi kwenye aya iliyotangulia kushuka, Al-Baqara aya ya 219. Pale Mwenyezi Mungu anakubali kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha anasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Manufaa gani? Wafasiri wanaeleza. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia na kupiga kura kwa mishale 10. Mishale 7 ilikuwa na mafungu ya nyama, mishale 3 ilikuwa mitupu, na waliotokewa na mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Walioshinda mara nyingi hawakula nyama ile. Waliwagawia maskini, wakajisifu kwa ukarimu. Ilikuwa sifa kubwa kwao, hasa wakati wa baridi na njaa.

Angalieni vizuri. Kamari ile ilikuwa inalisha wenye njaa, na bado ikakatazwa. Hoja ya samaki ina umri mrefu kuliko sisi sote, na Qur'ani iliisikia ikaijibu.

Kwa nini? Kwa sababu samaki huyo amelipiwa na mtu mwingine aliyeumia. Kampuni ya pari hailimi, haivui, haichimbi. Inakusanya kwa wengi, inawapa wachache, na sehemu yake inaishika kwanza. Franga 20 000 zile zilitoka mifukoni mwa vijana wengine: mmoja alitia pesa ya minervali, mwingine, motari, alitia ya tajiri wake mwenye pikipiki. Kila kijana anayerudi na samaki, wako wenzake wanaorudi mikono mitupu, na mama zao hawaji kuniuliza swali kwa sababu hawana hata cha kuuliza.

Kijana atajibu, nao siku hizi wanajibu: imamu, hata biashara ni bahati. Anayepakia mchele kwenye mtumbwi wa injini kutoka Kindu kwenda Ubundu hajui kama utafika. Ni kweli hajui. Lakini mchele ukifika, mwenye kuuza amepata na mwenye kununua amekula. Hasara ikitokea, hakuna aliyekuwa anaiombea. Katika pari hakuna kilichosafiri, wala huwezi kupata mpaka mwenzako apoteze. Hilo si jambo moja na biashara, hata kama yote mawili yana wasiwasi ndani yake.

Sasa hesabu, kwa maana watoto wetu wamesoma na wanaheshimu hesabu. Chukueni mchezo wa nusu kwa nusu. Haki ingekuwa franga 1 000 irudi 2 000. Wenye pari wanapunguza kote, ile namba ya kuzidishia. Tuseme inarudi 1 900. Inaonekana kidogo. Lakini kijana haweki mechi moja, anaunganisha mechi 10 katika tikiti moja ili apate nyingi. Upungufu ule unajirudia mara 10, na katika kila franga 100 walizoweka watu, karibu 40 zinabaki kwa mwenye pari. Na nafasi ya kupata mechi zote 10 ni 1 katika 1 024.

Kuna jambo baya zaidi ndani ya hesabu hiyo. Kwa kila mmoja anayepata zote 10, wako 10 waliokosa mechi moja tu. Hao 10 hawalali. Wanasema: nilikaribia, timu moja imeniua, kesho nitapata. Mtoto aliyekosa kwa moja anarudi kwa nguvu kuliko aliyekosa kwa tano, ingawa wote wawili wamepoteza pesa ileile. Na aliyeshinda pesa kubwa siku za kwanza, huyo ndiye wa kuogopewa zaidi, maana ameamini kwamba amepata ufundi.

Ndiyo maana ninawaambia wababa: msidhani ni ukaidi tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiandika kamari iliyopita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika mwaka 2022. Akili ya kujizuia kwa kijana haijakomaa bado. Fimbo itamfundisha kuficha. Dalili zake mnaziona: pesa ndogondogo zinapotea nyumbani, simu haitoki mkononi usiku, madeni kwa rafiki, uso unaobadilika kufuatana na matokeo ya mechi za Ulaya ambazo hata hachezi mtu wa kwetu, uongo mahali ambapo hapakuwa na uongo.

Mfanye nini? Minervali peleka mwenyewe shuleni, usimpe mkononi. Namba ya siri ya pesa ya simu yako asiijue, na laini ya simu iliyoandikwa kwa jina lako usimwachie. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa mtoto. Basi mwenye kibanda anayepokea tikiti ya mtoto wako, nenda kamsemeshe, tena mkiwa wazazi watatu au wanne. Deni lake usililipe kimyakimya. Kaeni naye, lihesabiwe mbele yake, naye alilipe kidogokidogo kwa kazi halali.

Na baba mwenye tikiti yake mfukoni, anayemkemea mtoto kwa kosa lilelile, tumwambie nini? Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Bukhari na Muslim, alimwamuru mtu aliyemwambia mwenzake tu kwamba waje wacheze kamari atoe sadaka kwa neno hilo. Neno tu, kabla ya mchezo.

Mpira wenyewe sikuukataza. AS Maniema Union ilipofika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, tulifurahi bila kuweka franga hata moja. Mtoto ajue kwamba furaha ile inawezekana.

Turudi kwa mama. Asipokee. Amwambie kwa upole kwamba anaona nia yake njema, na kwamba mtoto anayemhurumia mama yake bado hajapotea. Kisha ampe jina la kazi, hata kubeba mizigo bandarini. Ikiwa alikula bila kujua, hana dhambi. Pesa iliyobaki, ambayo wenyewe hawajulikani, wanachuoni, na Imamu Ghazali ni mmoja wao, wamefundisha itolewe kwa maskini ili kujitoa nayo, bila kutafuta thawabu. Wako waliosema kwamba mwenye kutubu, akiwa yeye mwenyewe fukara, anaweza kuchukua kiasi cha haja yake. Ninaiandika kwa sababu ni elimu na siwezi kuificha. Lakini ni ruhusa ya aliyekwisha kuacha. Mama anayepokea leo na kungojea Jumamosi ijayo hayumo.

Na ikiwa chungu ni kitupu kweli, hapo swali linaacha kuwa la mama, linakuwa letu, majirani zake. Kesho baada ya Alasiri nitakuwa madrasani. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii aje, pamoja na mtoto akikubali. Mwenye shamba au karakana anayeweza kumpa kijana kazi ya siku aje pia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.