Deni Lililowekwa Mlangoni pa Mama

Ziko karatasi ambazo mzee huziogopa kuliko ugonjwa. Barua yenye mhuri yafika kijijini. Mzee hajui kusoma, au macho yake yamepungua nguvu. Amwita mjukuu wa darasa la tano amsomee, na mtoto, kwa sauti ileile asomayo nayo hesabu za shuleni, amtangazia bibi yake kwamba anadaiwa shilingi 240,000. Siku ile mzee hagusi chakula. Usiku hapati usingizi, na kabla ya mapambazuko amekwisha anza kufikiri ni pembe ipi ya kibanja iuzwe.

Tuseme jambo hili limempata mama wa miaka 78 katika vilima vya Muleba. Mama huyu ni mfano tu, tumemtunga sisi. Lakini wasomaji wetu wa Nshamba, wa Kamachumu, hata wa Kashozi na Kanyigo, watadhani wamepata kumwona akienda Misa kwa fimbo yake. Ni mjane. Watoto wake wawili walichukuliwa na ukimwi, kwani mkoa wa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa nchi yetu walipotambuliwa mwaka 1983, na makaburi ya miaka ile bado yapo kati ya migomba. Amebaki na wajukuu, na mwana mmoja afanyaye kazi Mwanza. TASAF ilipoleta mpango wa kunusuru kaya maskini, katika awamu yake ya 3 iliyozinduliwa mwaka 2012, jina la mama huyu lilitajwa katika mkutano wa kijiji mbele ya watu wote. Alihojiwa, akaandikwa, akapewa kadi. Kila baada ya miezi 2 alikwenda dirishani kupokea malipo, ambayo msingi wake ulikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kisha mwana akamjengea nyumba ya bati. Wakaguzi wakapita, wakaiona nyumba, wakafuta jina. Na sasa adaiwa malipo ya miezi 24.

Ukaguzi wa namna hiyo si hadithi. Mwaka 2016 kaya za mpango huo zilihakikiwa kwa agizo la serikali, na makumi ya maelfu ya kaya ziliondolewa katika orodha kwa kuonekana kwamba hazistahili. Wadanganyifu walikuwamo, hatukatai. Fedha ya maskini ikiliwa na mwenye nacho, ni wizi mbele ya Mungu, na serikali ina haki ya kuilinda. Lakini bati si utajiri. Mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, ardhi ya Bukoba ilitetemeka, na waliolala chini ya mapaa mazuri usiku uliotangulia walilala nje. Isitoshe, nyumba haipikwi ikaliwa. Mwana hujenga nyumbani kwa heshima ya ukoo, ili apate pa kufikia wakati wa Noeli na pa kuzikwa, na mama aweza kukaa ndani ya kuta hizo nzuri akikosa chumvi.

Basi, mwana wa Mwanza apigiwa simu. Atajibu nini?

Yamkini atasema, "Deni ni la mama, mimi nina watoto wangu." Maneno haya yana ndugu yake katika Injili. Bwana wetu Yezu Kristu, katika sura ya 7 ya Mt. Marko, aliwakemea wale waliotangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imekwisha tolewa kwa Mungu. Hivyo wakaitangua amri ya Mungu kwa kisingizio cha dini. Korbani ya siku hizi haina dini ndani yake. Ni mkopo wa pikipiki, ni karamu ya kipaimara, ni tofali za nyumba ya pili. Amri ya nne haikuwekwa kwa ajili ya watoto wadogo tu, wapate kutii wanapotumwa maji. Yoshua bin Sira awaagiza watu wazima kumsaidia baba katika uzee wake, na kumvumilia hata akili zake zikimpungukia.

Au atasema, kwa ujanja, "Mama, waambie nyumba si yako, ni ya mjomba, na mimi hujaniona miaka mingi." Hapa twasema wazi: mwana anayemfundisha mama yake uongo, naye yu karibu na kaburi, amemtwika mzigo mzito kuliko lile deni. Shilingi zaweza kutafutwa. Dhamiri ya mama aliyesali rozari yake miaka 60 haifai kuuzwa kwa 240,000.

Wako pia walio wema, nao hukosea kwa njia nyingine. Kwa aibu hulipa upesi, majirani wasijue, bila kuuliza lolote. Twaheshimu moyo wao, ila hatuwasifu. Kulipa usichodaiwa kwa haki ni kumkubalia mdai kwamba mama yako alikuwa mwizi.

Je, alikuwa mwizi? Mafundisho ya Kanisa juu ya kurudisha mali ya watu ni ya kale, na mabingwa wake, kama Mt. Alfonsi wa Liguori, ambaye Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa waungamishi mwaka 1950, waliyapambanua kwa uangalifu. Aliyepokea kitu kwa nia njema, akiamini kwa haki kwamba ni chake, na kitu kile kikatumika chote asibaki tajiri zaidi kuliko alivyokuwa, hana dhambi, wala dhamiri yake haimfungi kukirudisha. Kilichobaki tu ndicho cha kuulizwa. Kama kwa fedha ile alinunua mbuzi, na mbuzi yu hai zizini, hapo pana la kusema. Lakini chumvi imekwisha liwa, sabuni imekwisha yeyuka. Huko Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi wenye kulea yatima, na matumizi ya fedha zile yalipochunguzwa yalionekana kuwa ni yale ya chumvi, sabuni na viatu vya shule. Nani angeweza kuvirudisha? Mama wa mfano wetu hakujiandika mwenyewe. Mkutano wa kijiji ndio uliomkubali, hadharani. Kwa nini ahukumiwe kama aliyenyemelea usiku?

Dhamiri ni jambo moja, na sheria ya nchi ni jambo lingine. Ikiwa mamlaka ya haki itaamua baada ya kumsikiliza, yatupasa kutii. Lakini kusikilizwa kwanza.

Tena kuna swali lisilopendeza, ambalo watoto wengi hupenda lipite mlango wa nyuma. Fedha zile nani alizila? Huenda kadi ya mama ilikaa mfukoni mwa kijana wa nyumbani, naye ndiye aliyekwenda dirishani, na mama aliona elfu mbili tu za ugoro na sukari. Huenda kiongozi fulani alikata chake kabla ya mama kufunga kitambaa chake. Vivyo hivyo kwa pensheni za watumishi wastaafu: baba amekwisha zikwa, ibada ya arobaini imekwisha, na benki bado hulipa kwa sababu hakuna aliyetoa habari. Katika mambo haya nia njema haimo. Aliyekula ndiye arudishe, wala asimtume mama mbele awe ngao. Zakayo aliahidi kurudisha mara 4, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alimwachia mama yake hesabu hiyo.

Kwa hiyo mwana apande basi aje nyumbani. Aketi na mama, amwulize polepole, bila ukali wa hakimu, fedha zilikuja lini na zilikwenda wapi. Atazame barua: imetoka ofisi gani, inadai miezi ipi, kwa kosa gani, na nani aliyeamua. Lisiloandikwa aombe liandikwe. Aende kwa kamati ya usimamizi ya jamii pale kijijini, kwa mtendaji, na ikibidi kwa mratibu wa TASAF wilayani, aeleze ukweli wote, hata ule wa nyumba ya bati. Akishindwa, tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa ili maskini asipotee kwa kukosa wa kumsemea. Na asitoe hata senti mkononi mwa mtu, awe mjumbe au sauti ya simuni inayojiita ofisi. Malipo ya serikali huwa na kumbukumbu namba na stakabadhi.

Wengine hudhani kwamba dai lililotoka kwa wakubwa haliwezi kuwa na kosa. Huko Australia, nchi yenye mashine za kila namna, serikali ilikokotoa madeni ya watu waliopokea misaada kwa kugawanya tu mapato yao ya mwaka mzima, kana kwamba kila juma lilikuwa sawa na lingine. Mwaka 2020 ilikubali kurudisha fedha za madeni 470,000. Uholanzi, baraza la mawaziri lilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu ya wazazi walioitwa walaghai bure katika misaada ya watoto. Kama mashine za huko zilikosea, daftari la kijiji litashindwaje?

Nanyi wenye ofisi, ambao wengi wenu mwakaa nasi kanisani kila Dominika, someni sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati. Mwenye kudai ameagizwa asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani; asimame nje, angoje. Na vazi la mjane halichukuliwi rehani kamwe. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyetimiza miaka 70 aliwekewa pensheni, tajiri kwa maskini, na swali la nani anastahili likajibiwa na umri. Kwetu bara tumechagua kupima umaskini nyumba kwa nyumba, na mwenye kipimo huweza kukosea. Kosa la mpimaji lisiwekwe mgongoni mwa mpimwa.

Mama ameambiwa afike ofisini Jumatatu saa 2 asubuhi. Mwana amelala nyumbani tangu Jumamosi. Kadi imekwisha tafutwa, imeonekana ndani ya kitabu cha sala, na barua imekunjwa pamoja nayo. Watakwenda wote wawili, kwa mwendo wa mama.