Ajali na Hiari

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu ni wa zamani, na wafiwa wengi wamepata faraja kwao. Neno lenyewe, ajali, asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Basi asemaye kwamba jambo fulani ni ajali husema, pengine bila kujua, kuwa lilikwisha kuandikwa, wala hapakuwa na mkono wa mtu ndani yake. Je, msomaji, hivyo ndivyo ilivyo kwa kila jambo tunaloliita ajali? Swali hili si dogo, maana likijibiwa vibaya hugharimu viungo na roho za watu. Na tulipime kwa mfano ulio karibu nasi, yaani mtu aendeshaye pikipiki katika barabara ya changarawe yenye kona nyingi.

Barabara za namna hiyo si chache katika Kenya. Ziko katika milima ya Taita, ziko Cherangani, na ziko katika miteremko ya Bonde la Ufa. Mara nyingi upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni genge. Changarawe iliyolegea ina tabia ya mahindi makavu yaliyomwagwa juu ya sakafu: kila punje huviringika chini ya kitu kiikanyagacho. Magari yapitayo huisukuma, ikajikusanya katikati ya njia za magurudumu na katika ukingo wa nje wa kona, mahali pale pale ambapo mwendo wa kasi huisukumia pikipiki. Chombo hiki kina magurudumu mawili tu, na konani hushikiliwa na msuguano wa mpira na ardhi. Msuguano ukishindwa, hapana msaada mwingine.

Itazame na hesabu yake. Mwendo ukizidishwa mara mbili katika kona ile ile, nguvu ihitajiwayo kuishika pikipiki katika njia yake huzidi mara nne. Umbali wa kusimama baada ya kushika breki nao huzidi mara nne. Aendaye kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Ardhi haiulizi kama dereva ni hodari au mnyonge, mwema au mwovu. Huwatoza wote kwa kipimo kimoja.

Kwa sababu hiyo dereva mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kona, wakati pikipiki ingali wima. Huingiza gia ndogo ili injini izuie mwendo mteremkoni. Hufuata ardhi ngumu iliyokanyagwa na magari, hukaa upande wake wa kushoto, na macho yake huyaelekeza mahali anapotaka kwenda, asiyakaze katika genge analoliogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Akiwa ndani ya kona hashiki breki ya mbele kwa ghafula, maana gurudumu la mbele likiacha kuzunguka juu ya changarawe huteleza, na pikipiki hulala mara moja.

Sasa lifikiri jambo hili. Kabla ya kona dereva ana hiari. Ndani ya kona, kama aliingia kwa kasi, hiari imemtoka: akishika breki huteleza, asiposhika hutoka njiani. Akiulizwa baadaye husema, "Sikuwa na la kufanya." Neno lake ni kweli, na tena si kweli. Ni kweli kwa dakika ile. Si kweli kwa dakika iliyoitangulia. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alilieleza jambo hili kwa mfano wa jiwe. Mtu akisha kulirusha hawezi kulirudisha mkononi, lakini kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Lawama huanzia pale ambapo hiari ilikuwapo.

Wako wasemao kwamba tahadhari ni woga. Lakini ushujaa ni kuikabili hatari kwa ajili ya jambo linalostahili. Nyuma ya kona huenda pana mtoto anayevusha mbuzi, na huenda abiria aliyeketi nyuma ya dereva ni mama wa watu. Ajitiaye ushujaa kwa kuhatarisha maisha ya wengine ni kama atoaye sadaka kwa mali ya jirani.

Wengine hutaja umaskini. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960, mpakani mwa Kenya na Uganda, na leo pikipiki hulisha nyumba nyingi. Kila safari ni shilingi, na abiria huhimiza. Hoja hii ina uzito. Abiria ahimizaye ana fungu lake la lawama, na mwenye dhamana ya barabara aiachaye ikaharibika ana lake. Walakini lawama si mkate, hata ipungue kwa kugawanywa. Kila mmoja hubeba yake nzima.

Sheria ya Kenya humtaka dereva wa pikipiki avae kofia ya kujikinga na koti lenye kung'aa, wala asichukue abiria zaidi ya mmoja. Ni sheria njema, lakini haiwezi kuweka askari katika kila kona. Mahali pasipo askari, dereva ndiye askari wa nafsi yake.

Hatukatai kwamba ziko ajali za kweli. Jiwe huporomoka mlimani bila kusukumwa, na ugonjwa humshika mtu ghafula njiani. Kwa mambo kama hayo msemo wa wazee wabaki na heshima yake. Lakini usiufanye kuwa shuka ya kufunikia uzembe. Na hili si la barabarani tu. Hasira, deni na uongo vina kona zake; kila kimoja humwachia mtu nafasi ya kupunguza mwendo mwanzoni, kisha humnyima. Basi, msomaji, jiulize unakwendaje wakati njia ingali imenyoka mbele yako, kwa maana wakati huo jibu lako bado lina kazi ya kufanya.