Kazi ya Lazima, Ujira wa Hiari?

Anayesimama Msamvu, hapa Morogoro, mahali ambapo barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja ikipita kwetu Kihonda kuelekea Dodoma na nyingine ikielekea Iringa mpaka Tunduma, hahitaji kusomea uchumi ili ajue nchi inaishi vipi. Mafuta ya gari, ngano, mbolea, dawa na saruji, vyote vinapita mbele yake juu ya malori usiku na mchana. Mengine yanakwenda Rwanda na Burundi, mengine Zambia na Kongo. Na ndani ya kila lori wamo watu wawili ambao ni nadra mtu kuwafikiria: dereva na utingo wake.

Huwa tunawakumbuka siku wasipoonekana. Hapo ndipo serikali, iwe ya kwetu au ya mbali, inapotangaza kwamba kuna upungufu wa wafanyakazi na kwamba hatua za haraka zinachukuliwa. Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: kazi ikiwa ya lazima kwa maisha ya watu wote, na wa kuifanya wakapungua au wakakataa, je, mtawala ana haki ya kuwalazimisha? Na kama anayo haki hiyo, yeye anadaiwa nini?

Tuanze na historia yetu wenyewe. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Ufilipino na visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Uingereza na washirika wake wakapoteza sehemu kubwa ya nyuzi za kusokotea kamba za meli. Ghafla katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita. Mashamba yakataka watu, na watu hawakuwa na hamu ya kwenda kukata mkonge kwa ujira uliokuwepo. Njia moja ilikuwa kuongeza ujira na kutengeneza makazi mpaka watu waje wenyewe. Serikali ya kikoloni ikachagua amri: watu wakachukuliwa vijijini kwa nguvu ya sheria za vita na kupelekwa mashambani. Ilisemwa kuwa watu hawapo. Kwa hakika watu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye akili timamu wa kuikubali kazi ile kwa masharti yale.

Bandarini Dar es Salaam hali haikuwa tofauti sana. Makuli waligoma mwaka 1943, wakajikuta wanapambana na sheria za vita zilizoihesabu kazi yao kuwa huduma muhimu. Vita vikaisha, na Septemba 1947 wakagoma tena. Safari hii mgomo ulitoka bandarini ukapanda na Reli ya Kati kuelekea bara. Serikali ikalazimika kusikiliza na ujira ukaongezwa. Bandari ilikuwa ileile na makuli walikuwa walewale, isipokuwa sasa walikuwa wamepandishiwa ujira.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wakoloni na zama zao tu. Mwaka 2021 Uingereza, nchi tajiri, iliishiwa madereva. Chama cha wasafirishaji cha huko kilikadiria upungufu wa madereva wapatao laki moja. Vituo vya mafuta vikakauka, watu wakapanga foleni. Serikali ikawaingiza wanajeshi kuendesha malori ya mafuta, na ikatangaza viza 5,000 za muda mfupi kwa madereva wa kigeni, ambazo mwanzoni zilitakiwa kuisha mkesha wa Krismasi. Maana yake ni kwamba njoo utuokoe, ukimaliza ondoka. Mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache sana, na hilo halishangazi. Mtu hawezi kuitwa kama ndoo ya maji ya kuzimia moto, kisha akategemewa kushukuru.

Na sisi tunayo yetu. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Walipinga sharti la kurudi chuoni kila wanapohuisha leseni, na wakadai mikataba ya ajira. Ubungo palipigwa mabomu ya machozi, abiria wakakwama. Serikali ikalegeza sharti la mafunzo, lakini suala la mikataba likabaki, na Mei wakagoma tena mpaka ikaundwa kamati. Tujiulize: mtu anayekabidhiwa abiria sitini, au shehena ya mamilioni ya shilingi, anafanyaje kazi miaka bila karatasi inayosema analipwa kiasi gani na akiumia nani atamtibu? Na kwa nini ilibidi nchi isimame ndipo swali hilo lisikike?

Kisha ikaja korona. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo ipite kwa sharti la madereva kupimwa. Malori yakapanga foleni ndefu Namanga. Madereva waliambiwa kazi yao ni muhimu, lakini wakatazamwa kama wao ndio ugonjwa wenyewe. Baharini ilikuwa mbaya zaidi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, mabaharia wapatao laki nne walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha, kwa sababu nchi zilizokuwa zikisubiri shehena zao hazikutaka waguse ardhi. Ilibidi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lipitishe azimio Desemba 2020 kuzitaka serikali ziwahesabu mabaharia kuwa wafanyakazi muhimu.

Sasa, sheria ya dini inasemaje? Wanachuoni wetu hawakulikwepa swali hili. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), amelijadili katika kitabu chake kuhusu Hisba. Anaeleza kuwa watu wakiwa na haja na kazi ya wakulima, wafumaji au wajenzi, kazi hiyo inakuwa wajibu juu ya wenye ujuzi nayo, na mtawala anaweza kuwalazimisha kwa ujira wa mfano, yaani ule ambao kazi kama ile inastahili kwa haki. Watawala wengi wangependa kuishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Kama ambavyo mafundi hawaachiwi kudai zaidi ya haki yao, watu nao hawaachiwi kuwadhulumu kwa kuwapa pungufu. Lazima inabana pande zote mbili.

Wapo watakaosema: mwalimu, unawatetea madereva, je, mgonjwa anayesubiri dawa Kigoma au Mpanda amekosa nini? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Dereva anapozima lori, wa kwanza kuumia si tajiri mwenye lori, ni maskini anayenunua unga kwa kilo moja. Kwa hiyo sisemi kwamba mtawala hana haki kabisa ya kulazimisha. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mgomo katika huduma muhimu kama maji, umeme na tiba, pamoja na usafiri unaozihudumia. Lakini sheria hiyohiyo inatoa njia mbadala: mgogoro wao unapelekwa kwenye usuluhishi na kutolewa uamuzi. Imemnyima mtu haki ya kugoma, ikampa haki ya kusikilizwa. Huo ndio uadilifu wa chini kabisa. Anayechukua haki ya kwanza bila kutoa ya pili amegeuza maslahi ya umma kuwa kisingizio cha dhulma.

Ndugu msomaji, tukubaliane basi kwamba neno "muhimu" ni deni. Serikali ikimwita mtu muhimu, imekiri kwamba inamdai na yeye anaidai. Mkataba wake ukaguliwe kabla ya mgomo, si baada yake. Saa zake za kulala zihesabiwe kama tani za mzigo wake zinavyohesabiwa kwenye mizani.

Na deni hili si la serikali peke yake. Miongoni mwa wenye malori wamo Waislamu wanaoswali safu ya mbele, ambao dereva wao hajawahi kuona mkataba, na posho yake ya safari hukatwa kwa kosa lisilo lake. Wote tunaijua hadithi ya ujira na jasho, na tunaisoma kwenye mihadhara. Basi tajiri amwandikie dereva wake mkataba wiki hii, bila kusubiri mkaguzi wala mgomo.

Wallahu a'lam.